Si Mgeni, Si Mteja

Ukienda Feri kununua samaki, hakuna anayekulazimisha ulipe kabla hujamtazama. Unamgeuza, unamfunua mashavu uone kama bado ni mekundu, unambonyeza tumbo, unamnusa, ndipo unaanza kubishana bei. Kitenge unakitoa nje ya duka ukakione juani. Hata tikiti maji utakatiwa kipande uonje. Lakini ipo bidhaa ambayo sisi watu wa mjini tunainunua kila mwisho wa wiki huku tumefumba macho, nayo ni onyesho la jukwaani. Unalipa mlangoni, unagongwa muhuri mkononi, na kile ulicholipia bado hakipo duniani. Wimbo utakaoimbiwa haujaimbwa. Sasa nauliza, ndugu msomaji: mtu aliyetoa kiingilio amenunua nini hasa?

Jibu la haraka ni kwamba amenunua neno. Amenunua maneno ya lile gari lililopita mtaani mchana na spika mbili juu, au ya bango lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme: kuanzia saa 3 usiku hadi majogoo, vinywaji vya kumwaga, ulinzi wa kutosha, usikose ukaja kusimuliwa. Siku hizi bango limehamia kwenye simu, na hela nayo inatumwa kwa simu, ila lugha yake haijabadilika hata nukta. Na neno, tofauti na samaki, halina mashavu ya kufunuliwa.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa vitabu, hunipinga kila ninapolianzisha jambo hili. Yeye husema: burudani ni bahati. Anayetaka kitu cha uhakika akanunue mfuko wa saruji. Ukilipa kwenda kusikiliza muziki umekubali kwamba unaweza usifurahi, na hapo ndipo utamu wenyewe ulipo. Vinginevyo ungebaki nyumbani na redio yako.

Kwa nusu ya maneno hayo nampa mkono. Mwimbaji aliyepanda jukwaani koo limemkauka simdai kitu. Mpiga solo aliyepotezwa na vidole vyake usiku huo simdai. Nilikwenda kusikiliza binadamu, na binadamu huchoka. Tena zipo nyakati ambapo sauti iliyopasuka imenigusa kuliko ile iliyonyooka. Lakini kiti kimoja kikiuzwa kwa watu wawili, hapo sanaa gani imeshindwa? Hapo kuna mtu alikaa chini akapiga hesabu. Na bango likisema saa 3 ilhali mwandalizi anajua fika kuwa vyombo vitafika saa 5, uongo huo haukuzaliwa ukumbini. Ulizaliwa wiki mbili kabla, kwa mchapaji, mchana kweupe.

Lipo pia la katikati, nalo ndilo linalonisumbua zaidi. Msanii anapanda, CD inawekwa, sauti yake mwenyewe inatoka humo ikiwa imekamilika, na yeye kazi yake ni kurukaruka na kupiga kelele "mikono juu!" kila baada ya ubeti. Watu wanacheza, wanatoka jasho, wanaondoka wameridhika. Bango lilisema laivu. Je, mtu anaweza kudhulumiwa huku anacheza? Rafiki yangu anasema haiwezekani, kwamba dhuluma isiyouma si dhuluma. Mimi naona inawezekana kabisa. Mtu akikupa noti bandia, ukaenda nayo kwa muuza soda naye akaipokea bila kuishtukia, umeinywa soda na imekuburudisha. Je, yule aliyekupa noti ile amekuwa mwaminifu kwa sababu tu wewe hukugundua? Furaha ya watu wale ni ya kweli, sitaki kuwanyang'anya. Lakini walichouziwa sicho walichopewa, na aliyewauzia alikuwa anajua.

Swali hili la mwenye tiketi ana nini mkononi si la kwetu peke yetu. Waingereza waligombana juu yake mahakamani kwa muda mrefu, na yafaa kuwatazama, maana sheria yetu ya mikataba tuliipata kutoka kwao kwa kupitia India. Mwaka 1845 iliamuliwa kesi ya Wood na Leadbitter. Mtu alikuwa na tiketi ya kuingia kwenye mashindano ya farasi huko Doncaster. Akiwa ndani akaambiwa atoke, akakataa, akatolewa kwa mikono. Aliposhtaki, mahakama ikasema tiketi ni ruhusa tu, na aliyetoa ruhusa anaweza kuiondoa wakati wowote. Yaani wewe uliyelipa umesimama pale kwa hisani.

Ikachukua miaka kama sabini. Kisha bwana mmoja, Hurst, akaingia kuangalia sinema. Alikuwa amelipa, lakini wahudumu wakadhani amepenya bila kulipa, wakamtaka atoke. Yeye akang'ang'ania kiti chake, nao wakamtoa. Baraza la wazee wa mahakama likamkadiria fidia ya pauni 150, na rufani ya wenye ukumbi ikashindwa. Hukumu hiyo imo katika ripoti za kesi za mwaka 1915. Pauni 150, kwa kiti ambacho bei yake haikukaribia hata pauni moja! Ni dhahiri kwamba hawakuwa wanapima bei ya kiti. Walikuwa wanapima kile anachofanyiwa mtu anapoinuliwa mbele ya watu kama mwizi, mahali ambapo ana haki ya kuwapo.

Ruhusa au haki. Zunguka kumbi zetu na usome vibao vya mlangoni, utajua mara moja kwamba sisi bado tunaishi mwaka 1845. "Pesa ikishalipwa hairudishwi." "Uongozi una haki ya kumkatalia mtu yeyote." Bado sijaona kibao kilichoandikwa haki za aliyelipa, hata kimoja, hata cha mkono.

Nitoe mfano wangu mwenyewe, na ukumbi siutaji jina, maana nikiutaja huo nitakuwa nimeisafisha mingine yote. Miaka michache iliyopita nilimpeleka shangazi yangu kwenye onyesho la bendi moja kongwe hapa Dar es Salaam. Shangazi ni muuguzi mstaafu, anakaa Temeke, na dansi kwake si starehe tu, ni ujana wake wote. Nililipa shilingi 30,000 kila mtu, kwa viti vya mbele vyenye namba. Yeye alitoa gauni ambalo nadhani lilikuwa limelala sandukuni tangu ubatizo wangu, akalipiga pasi mara mbili.

Tulifika saa 2:30 usiku. Mlango ulifunguliwa saa 4. Ndani tukakuta kwenye viti vyetu ameketi bwana mmoja mnene na mkewe, nao wameshika tiketi zenye namba zile zile, wala hawakuwa wezi. Walikuwa wamelipa kama sisi. Nikamwita kijana wa ukumbi. Alikuwa na adabu, siwezi kumsingizia. Alianza na "Shikamoo mama," akamsikiliza shangazi hadi mwisho, kisha akasema, "Mama, si unaona watu walivyo wengi? Kaeni tu popote." Popote penyewe palikuwa kreti mbili za soda zilizogeuzwa. Shangazi akatandika khanga yake juu ya moja, akakaa kama aliyekaa kwenye kiti cha enzi.

Bendi ilipanda saa 6:40. Walipiga nyimbo tano. Kwenye wa sita, katikati ya pambio, muziki ukakatika, taa zikabaki zinawaka. Mshereheshaji hakuwa na kipaza sauti, kwa hiyo akatuombea radhi kwa kupayuka, ati kuna hitilafu za kiufundi. Hitilafu yenyewe tulikuwa tunaiona. Ilikuwa imevaa fulana ya njano, inakunja nyaya. Yule mwenye kukodisha vyombo alikuwa amelipwa nusu, mwandalizi amezima simu, na yeye alikuwa anasema kwa sauti bila kumwogopa mtu: "Nusu ya pesa, nusu ya muziki."

Ndipo chupa ikarushwa. Haikumlenga mwandalizi, ambaye hakuwapo, wala mwenye ukumbi, ambaye alikuwa ofisini anahesabu. Ilimpiga begani mzee wa tarumbeta, mtu ambaye bila shaka naye alikuwa hajalipwa. Jukwaani huwa kuna sura, na hasira hutafuta sura. Mwenye deni hukaa nyuma ya pazia.

Tukiwa kwenye teksi nikasema tutarudi kesho yake kudai hela zetu. Shangazi akanijibu, "Mwanangu, wale wazee watakula nini?" Nikamwambia hela zetu hazikuwafikia wale wazee. "Najua," akasema. "Lakini kesho ukienda kupiga kelele pale, nani atakatwa? Mwenye ukumbi?" Kisha akanyamaza. Tulipofika karibu na kwake akaongeza, "Mimi hela siidai. Nataka mtu aje aniambie kwa nini alinikalisha kwenye kreti."

Maneno hayo nimeyageuza kichwani mara nyingi. Elfu thelathini zangu ni hesabu, zinaweza kurudishwa na mambo yakaisha. Lile la kreti halirudishwi. Shangazi alikuwa ameitwa. Alivaa akaja, na aliyemwita hakuwa hata amemtarajia. Kwa lugha yetu, huko si kumpunja mteja, ni kumvunjia mtu heshima, na kwa jambo la namna hiyo hatuna risiti.

Nadhani shida yetu ina mizizi hapa. Zamani, kwenye ngoma, hapakuwa na mteja. Palikuwa na mwenyeji na mgeni, na kila mmoja alijua lake: huyu atalisha na kulinda, yule atakuja na mkono wake, ataitikia, atatunza, na zamu ikimfikia naye atawaita wengine. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kisha ukaja ukumbi wenye mlango mmoja na meza ya kukatia tiketi. Tulipolipa tulidhani tumebaki wageni, ndiyo maana tukikuta mambo yameharibika tunaona haya kusema. Mgeni hasemi chumvi imezidi. Mwandalizi naye analijua hilo. Anachukua pesa yetu kama mwuzaji, halafu anadai uvumilivu wetu kama mwenyeji. Katika methali nzima yeye amebakiza lile neno la mwisho tu, apone.

Itazame harusi zetu za siku hizi uone tulivyochanganyikiwa. Unatoa mchango, unapewa kadi, na kadi yenyewe imeandikwa kabisa "singo" au "dabo" kulingana na ulichotoa. Ukifika mlangoni inakaguliwa. Hapo wewe ni nani? Ukikuta pilau limekwisha unanuna, kwa kuwa ulilipa. Lakini humwambii bibi harusi arudishe hela, kwa kuwa ulialikwa. Hata hivyo harusi ina dawa yake: wale watu utakutana nao tena. Kamati iliyokunyima chakula itakuja kuomba mchango kwenye harusi nyingine, na wewe utakumbuka.

Dawa hiyo hiyo ilikuwamo kwenye dansi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaitwa JUWATA, ikaitwa OTTU, ndiyo Msondo Ngoma. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978, baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ile DDC. Bendi za namna hiyo zilikuwa na mwajiri, na zilikuwa na ukumbi wao wa nyumbani na siku zao katika juma. Sisemi hapakuwa na ubabaishaji. Mishahara ilichelewa, wanamuziki walinyakuliwa na bendi nyingine, na mitambo ilikoroma vilevile. Ila bendi iliyokuchosha Jumamosi hii ilikuhitaji Jumamosi ijayo, na mlango ni ule ule, na mkata tiketi ni yule yule, unamjua hadi anapokaa. Mwandalizi wa onyesho la usiku mmoja hana Jumamosi ijayo. Amekodi ukumbi, amekodi vyombo, pengine na jina la kampuni amelikodi kwa ajili ya usiku huo. Ukimtafuta Jumatatu utakuta namba haipatikani. Kwa hiyo hata akiwa si mtu mbaya sana, hakuna kitu kinachomrudisha mbele ya macho yako, na binadamu wengi tunahitaji kurudishwa.

Kuna anayejitetea kwamba mengine yako nje ya uwezo wake. Yapo, nakubali. Mwaka 1861 ukumbi wa muziki wa Surrey Gardens, London, uliungua siku chache kabla ya maonyesho ambayo waandalizi walikuwa wameukodi kwa ajili yake. Kesi ikaamuliwa mwaka 1863 kwamba pande zote mbili zimefunguliwa, hakuna wa kumlipa mwenzake. Sawa. Ukumbi umeungua, utamlaumu nani? Lakini jenereta kuzima kwa kukosa dizeli si moto. Mwenye vyombo kulipwa nusu si radhi ya Mungu.

Najua wapo wanaosoma hapa wakasema kijana huyu ana kisa na kreti la soda, nchi ina matatizo makubwa kuliko viti. Ningenyamaza kama mambo haya yangeishia kwenye viti. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi, watoto walijazwa katika disko toto mjini Tabora kuliko nafasi iliyokuwapo. Watoto wapatao 20 walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana. Walikuwa wamevaa nguo za sikukuu, na hela ya kiingilio wengi wao bila shaka walipewa nyumbani kwa mkono.

Sitaki kuwatumia watoto wale kama kiitikio cha insha yangu. Lakini siwezi kuona ukuta unaotenganisha kiti kilichouzwa mara mbili na ukumbi uliojazwa mara mbili. Mkono ni ule ule, na hesabu ni ile ile: idadi ya tiketi haiulizwi kwa ukubwa wa ukumbi, inaulizwa kwa urefu wa foleni. Alama nne za ukuta zikishaacha kuhesabiwa, kinachobaki kati ya usumbufu na msiba ni bahati, mlango wa pili kama umefunguliwa, dirisha kama lina nondo. Na ile hulka yetu ya kuona haya, ya kukaa popote tunapoonyeshwa, ndiyo inayomzoesha mkono ule. Mtu mzima anayekubali kreti anaweza kunyanyuka akaondoka. Mtoto wa miaka minane hajui hata kwamba ukumbi una kipimo.

Rafiki yangu wa vitabu aliponisikia nimefika Tabora akaacha kubishana, akaniuliza tu, sasa wewe unataka nini, askari kila mlango? Vibali vipo, nikamwambia, na baraza la sanaa lipo, na wakaguzi wa zimamoto wapo. Sikuwa naulizia hao. Naulizia mimi na yeye tukiwa kwenye foleni, hela mkononi, wakati ambapo bado ni zetu.

Tangu hapo nina swali ambalo namwuliza mkata tiketi kabla sijatoa noti: ukumbi huu unachukua watu wangapi, na mpaka sasa mmeshauza tiketi ngapi? Nimeliuliza mara nne. Mara mbili nilichekwa. Mara ya tatu nikaambiwa, "Bro, we ni usalama wa taifa?" Mara ya nne yule dada alinitazama kidogo, akasema ngoja, akainuka kwenda ndani kumwuliza mkubwa wake. Nikabaki nimesimama mbele ya kidirisha kitupu. Nyuma yangu foleni ikaanza kunung'unika, mmoja akapiga mluzi, na mama mmoja mtu mzima akanigusa bega kwa upole kabisa akaniambia, "Baba, wenzako tunachelewa."